Redio ya CB ya Mtumba

Msikilizaji, redio ya CB ya mtumba, ile ya megahezi 27 wanayoitumia madereva wa malori Marekani kuzungumza, usiitupe kwa kuwa haiwaki. Anza na fyuzi. Ikiwa imeungua, pima dayodi ya ulinzi: mara nyingi mtu aligeuza nyaya za betri, chanya kwenye hasi, nayo dayodi ikafa ikiiokoa redio. Bei yake ni ndogo mno. Sauti ikikoroma, tazama kapasita zilizovimba.

Nakusihi, usibonyeze kitufe cha kuzungumza kabla ya kufunga antena. Nguvu isiyo na pa kutokea hurudi ikaunguza transista ya kurushia.

Kupandisha nguvu kupita wati 4 za AM? Sheria ya Marekani inakataza, na ni haki: utavuruga mawasiliano ya wengine. Fedha ambayo ungetumia kupandisha nguvu, nunulia antena nzuri, kisha irekebishe urefu kwa kipimo cha SWR, kinachoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena.