Samaki Mchanga Asifike Sokoni
Hotuba ya afisa wa uvuvi kwa wauzaji na wanunuzi wa samaki, Kitengela



Kuna watakaouliza kwa nini tuzungumzie uvuvi hapa Kitengela, mji wa nyama choma. Jibu liko kwenye karai la mafuta jioni. Ngege, mbuta na omena wanaouzwa hapa wengi hutoka mbali, lakini anayeamua ni samaki gani avuliwe ni anayelipa. Ukinunua mchanga, mvuvi atarudi kesho kukuletea mwingine.

Katika Katiba ya 2010, uvuvi ni miongoni mwa kazi za kaunti. Nayo Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 haimhusu mvuvi peke yake. Anayeuza samaki waliovuliwa kinyume cha sheria naye inamgusa.

Vipimo vya Ziwa Victoria ni rahisi kukumbuka. Ngege asipungue sentimita 25. Mbuta awe kati ya sentimita 50 na 85. Wengi walio chini ya hapo hawajazaa, na wale wakubwa kabisa ndio majike wenye mayai mengi. Omena nao hupumzishwa kuanzia Aprili hadi Julai. Ngege jike hubeba mayai na watoto mdomoni, kwa hiyo ukimvua wakati huo umevua kizazi kizima.

Tunajua ziwa likichoka huwa nini. Naivasha, ambako bass kutoka Marekani alipandikizwa zamani za ukoloni, samaki walipungua hadi uvuvi ukasimamishwa mwaka mzima kuanzia 2001. Huko Marekani kwenyewe, jimbo la Maryland lilipiga marufuku uvuvi wa striped bass kuanzia 1985 hadi 1990. Kufikia 1995 samaki hao walitangazwa kuwa wamerudi. Kufunga kunasaidia, lakini wanaolala njaa wakati wa kufungwa ni wavuvi na wauzaji. Ni nafuu kufuata kipimo.

Kajiado nasi tuna samaki wetu. Tilapia wa Magadi ni mdogo kama kidole, anaishi kwenye chemchemi za maji ya magadi yenye joto linaloweza kupita nyuzi 40. Maji hayo yangemuua samaki wa kawaida. Yeye hutoa taka za mwili kwa njia ya yurea, kama binadamu. Asili yake ni bonde hilo. Alipopelekwa Ziwa Nakuru katika miaka ya 1950 na 1960 ili ale mabuu ya mbu, aliongezeka, na wari wakamfuata huko. Chemchemi zake ni chache, kwa hiyo tusizichafue, wala mtu asimwage humo samaki wa bwawani. Hali kadhalika Mto Athi.

Najua kuna mama anayesema moyoni, "Nikikataa samaki wadogo, watoto watakula nini? Mteja wangu ana shilingi chache." Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini mama mmoja akikataa peke yake, gari litamwuzia jirani. Mkiwa kikundi na kuagiza pamoja, hasara ya samaki wachanga itabaki kwa aliyewaleta. Mteja wa pesa kidogo mkatie kipande cha samaki mkubwa au mpimie omena wakati wa msimu.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, weka rula ya shule ya sentimita 30 kwenye meza yako, na kwa mbuta tumia futi ya fundi nguo. Pima kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia. Pili, samaki akija amekatwa kichwa na mkia, muulize aliyemleta kwa nini. Tatu, mwenye bwawa nyumbani atafute vifaranga dume wa tilapia, maana bwawa lenye dume na jike hujaa samaki waliodumaa.

Maswali nitayajibu hapa hapa, na ofisi ya uvuvi ya kaunti iko wazi kwenu siku za kazi.