Muscat: Ngoma za zamani ndani ya kanda zinazochakaa

Nyimbo zilizorekodiwa Oman tangu miaka ya 1980, nyingine za Kiswahili, zahitaji mashine ambazo sasa ni adimu.

Mwaka 1983, kwa amri ya Sultan Qaboos bin Said, ilianza mjini Muscat kazi ya kukusanya muziki wa jadi wa Oman. Mtaalamu kutoka Misri, Yusuf Shawqi, alizunguka nchini pamoja na wenzake wakirekodi ngoma za mabaharia, za mabedui na za wakulima wa mitende. Miongoni mwa ngoma za Oman imo lewa, inayochezwa Sur na pwani ya Batina kwa zumari na msondo, ambamo maneno ya Kiswahili huimbwa pamoja na ya Kiarabu. Majumbani nako, Waomani waliorejea kutoka Zanzibar waliweka makasha ya kaseti za taarabu na za harusi.

Utepe wa kurekodia ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma, na unga huo umeshikwa kwa gundi. Katika aina kadhaa za tepe za miaka ya 1970 na 1980, gundi hiyo hunyonya unyevu na kuanza kunata. Utepe ukizungushwa hukwama, hutoa mlio wa kukwaruza, na unga hubanduka pamoja na sauti yenyewe. Dawa yake ni ya ajabu kidogo: utepe huokwa katika tanuri maalumu kwa joto la nyuzi takriban 50, saa kadhaa, kisha hunakiliwa upesi kabla haujaanza kunata tena. Katika mji kama Muscat, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40 na hewa ya bahari ni nzito, chumba chenye ubaridi na ukavu si anasa.

Lakini utepe uliopona ni bubu bila mashine. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza mashine za kanda za video za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Mwaka 2019, UNESCO na wataalamu wa hifadhi za sauti walitahadharisha kwamba ifikapo mwaka 2025 hivi, vipuri na mafundi vingekuwa adimu mno.

Kanda za kompyuta ni ngumu zaidi, kwani hudai pia kujua data zilipangwaje. Picha za Mwezi zilizopigwa na vyombo vya Marekani mwaka 1966 na 1967 ziliokolewa kuanzia 2008 kwa sababu tu mashine kuukuu za Ampex zilikuwa zimetunzwa; kazi yenyewe ilifanyika ndani ya mgahawa wa McDonald's uliofungwa.

Kwa kawaida, kunakili kanda ya saa moja huchukua saa moja. Tena kuna jambo ambalo kompyuta haiwezi kulijibu: ni nani anayeimba, na neno lile ni la Kimvita, la Kiunguja au la Kibajuni? Ikiwa jalada la kanda halikuandikwa, hujibu wazee peke yao. Kwa hiyo anayetaka kuziokoa kaseti za nyumbani kwao angefanya vyema kumketisha babu au bibi kando ya mashine, kalamu mkononi, siku hiyo hiyo kanda inaponakiliwa.