Kuimba Mbele ya Kaburi

Maneno ya kwaya kwa washiriki, siku ya Jubilii ya miaka 50

 

Historia ya kwaya mtaisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki: waanzilishi, walimu, kanda tulizorekodi, vikombe tulivyoleta nyumbani na vile vilivyotuponyoka. Sisi tumeomba dakika chache tuseme juu ya kazi isiyo na kikombe. Katika miaka hii 50 tumeimba mazishini mara nyingi kuliko harusini. Harusi hutualika mapema, ikatutengea viti na pilau. Msiba hauna kadi. Simu inalia Jumanne usiku, na Ijumaa tuko ndani ya matatu, sare tumezikunja magotini. Kuna mahali tulifika matope yakiwa hadi kwenye vifundo vya miguu, tukajipanga kando ya udongo mbichi, sauti ya kwanza huku, besi kule, na mwalimu akatupa noti kwa mdomo kwa sababu kinanda kilibaki barabarani.

Watu hutuuliza, mnawezaje? Wengine hudhani tumezoea. Hatujazoea. Aliyewahi kusimama nyuma yetu anajua ni besi wangapi hugeuza uso jeneza linaposhuka.

Injili ya Mathayo na ya Marko zina habari moja ambayo wanakwaya tunapaswa kuishika kuliko watu wote. Usiku ule wa mwisho, baada ya chakula, Yesu na wanafunzi wake waliimba, ndipo wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Kwa desturi ya Wayahudi, chakula cha Pasaka hufungwa kwa Zaburi za sifa, zile zinazoishia na ya 118. Alijua anakokwenda, akaimba. Lakini msikomee hapo. Muda si mrefu yuko Gethsemane, ameanguka kifudifudi, anamwomba Baba kikombe kile kimwepuke kama inawezekana. Kinywa ni kile kile, usiku ni ule ule. Kwa hiyo anayekuja kutuambia kwamba Mkristo wa kweli haogopi kifo wala halii, sisi tunamwuliza amesoma Injili ipi.

Tunasema haya kwa ajili ya dada yetu mmoja wa sauti ya kwanza. Hatutamtaja jina, lakini wengi mnamjua. Aliugua saratani miaka miwili. Tulifunga, tulikesha, tulifanya harambee ya dawa, na tuliamini kabisa kwamba atapona. Katikati ya hayo alitembelewa na mhubiri mmoja aliyemwambia kwamba dawa ni dalili ya shaka. Akizitupa, Mungu ataiona imani yake. Dada alimshukuru kwa kuja, akampa chai, na ilipofika saa mbili usiku akameza dawa zake.

Wiki ya mwisho alituita wodini. Muuguzi alituruhusu nyimbo tatu, kwa sauti ya chini, maana kulikuwa na wagonjwa wengine. Katikati ya wimbo wa pili dada alifungua macho, akainua kidole: sauti ya tatu walikuwa wameshuka. Tukaanza upya. Kisha akatuambia kwamba anaogopa. Akatuomba tusimwambie asiogope, tumwimbie tu ule wa tatu. Alifariki siku nne baadaye.

Udongo haujakauka, maneno yakaanza kuzunguka: imani ilipungua. Yake, au yetu sisi tuliomwombea. Maneno hayo yaliwafikia watoto wake, na hilo ndilo lililotufanya tuombe nafasi hii leo.

Wimbo wa tatu ulikuwa ule wa Horatio Spafford wa salama ya roho, ambao hatukumbuki mazishi tuliyowahi kuuacha. Habari yake mmeisikia mimbarani. Alikuwa mwanasheria wa Chicago. Novemba 1873 meli ya Ville du Havre iligongana na nyingine katika Bahari ya Atlantiki ikazama. Mabinti zake wanne wakafa, mkewe Anna akaokolewa. Wahubiri wengi huishia hapo, kwaya ikaanza. Yaliyofuata husimuliwa mara chache. Philip Bliss, aliyeutungia wimbo huo sauti, alikufa pamoja na mkewe Desemba 1876, daraja lilipovunjika chini ya treni huko Ashtabula, Ohio, mwaka ule ule wimbo ulipochapishwa. Mwaka 1880 akina Spafford walizika tena, safari hii mvulana mdogo aliyezaliwa baada ya ajali ile. Wakawapo watu wa kanisa walioona kwamba misiba mingi namna hiyo ni adhabu, lazima kuna dhambi mahali. Mwaka 1881 familia ilihamia Yerusalemu, na huko Spafford akafa kwa malaria mwaka 1888.

Ndugu zetu, kama wimbo ungekuwa kinga, ungewakinga kwanza hao wawili walioutunga. Na wale waliopiga hesabu ya dhambi huku, msiba kule, walikuwa na wakubwa wao katika Biblia: marafiki wa Ayubu. Someni mwisho wa kitabu kile. Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika.

Wala si lazima twende Marekani. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine. Mwezi wa Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Julai Rosine alijifungua binti, homa ikamchukua, na baada ya siku chache mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, naye akawaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni alama kuwa kazi imeanza. Tuna maswali yetu juu ya wamisionari wa zama zile, na ni haki tuwe nayo. Lakini Neno katika lugha tunayoimbia lilipitia nyumba ya matanga, na mfiwa hakuiweka kalamu chini.

Mtu anafanyaje asiiweke chini? Hapo tunaweza kusema kwa ujuzi wetu tu. Kuna noti ndefu ambazo hakuna pafu moja linaloweza kuzishika hadi mwisho. Mwalimu hutufundisha kupumua kwa zamu: wewe ukikata, jirani anashika, akikata yeye, wewe umekwisha kurudi. Aliyeketi benchi la nyuma husikia sauti moja isiyokatika.

Mama mmoja wa sauti ya pili alimzika mwanawe wa pekee, kijana wa bodaboda. Jumapili ya tatu alivaa sare, akaja, akasimama mahali pake, na hakufungua kinywa. Jumapili iliyofuata vile vile. Ikawa miezi minane. Wapo waliouliza asiyeimba anafanya nini mbele. Mwalimu wa wakati huo alijibu kwamba mama yuko kwenye pumzi, akafunga mjadala, na jina lake likabaki kwenye daftari. Tulipofika kwenye Imani ya Mitume, pale pa ufufuo wa mwili, sisi tulitamka, naye akiwa kimya katikati yetu. Hatukumdai aamini kila neno asubuhi ile. Tulilishika kwa niaba yake, kama yeye alivyowashikia wengine miaka mingi. Aliporudi kuimba hakutangaza. Tulisikia tu kwamba sauti ya pili imejaa.

Basi tuna maombi mawili kwenu washiriki. Mkienda kwa mfiwa, maelezo ya kwa nini yaacheni nyumbani. Bebeni sukari, bebeni kuni, kaeni karibu. La pili ni la vijana: mazoezi ni Alhamisi saa kumi na moja jioni, na sauti ya tatu tumebaki wanne, mmoja ana pumu.

Sasa tutasoma majina ya wanakwaya waliotutangulia, kama yalivyoandikwa katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu. Kisha tutauimba wimbo ule, beti zote, bila kuharakisha. Anayeweza kusimama asimame. Atakayeshindwa kuimba asimwombe radhi mtu yeyote. Na sauti ya tatu, tafadhali, msishuke.