Barza Isioze: Hotuba kwa Mafundi Seremala Wapya wa Kolwezi



Nimeombwa niseme machache, na kwa kuwa mmekaa juani tangu asubuhi nitasema juu ya jambo moja tu: mbao zinazolala nje.

Kolwezi inajengwa kila kona. Nyumba za wageni, mikahawa, nyumba za wakubwa wa migodi, hadi ufukoni mwa Ziwa Nzilo: mwenye fedha anataka barza ya mbao, aketi jioni anywe kinywaji chake. Mwaka wa kwanza barza inang'aa. Mwaka wa pili imekuwa ya kijivu na imepasuka. Ikifika siku mgeni anatumbukiza mguu, mwenye nyumba anaita watu wa zege na kutangaza kwamba mbao hazifai nchi hii. Uongo. Mbao zinafaa, aliyekosekana ni fundi wa kuimaliza kazi.

Na hilo linauma zaidi hapa kuliko mahali pengine, kwa sababu dawa za kulinda mbao hutegemea madini yanayochimbwa kwetu. Shaba ni sumu kwa kuvu wanaoozesha mbao, na watu walilijua hilo zamani. Katika karne ya 19 Mfaransa Boucherie alikuwa akipitisha maji ya mrututu, yaani chumvi ya shaba, ndani ya magogo mabichi ili nguzo za telegrafu zisioze. Mwaka 1933 Mhindi Sonti Kamesan akachanganya shaba, kromiamu na aseniki, na dawa hiyo ikasambaa duniani kote. Leo, kwa sababu ya aseniki, Ulaya na Marekani zimeiondoa kwenye mbao za majumbani, lakini dawa zilizochukua nafasi yake bado zinategemea shaba. Kobalti nayo imo: chembe kidogo yake hutiwa kwenye verni na rangi za mafuta ili zikauke haraka. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, na nyingi yake ni ya mkoa wetu huu wa Lualaba. Hakuna awezaye kusema shaba iliyo ndani ya ubao fulani ilitoka shimo gani, lakini hesabu fanyeni wenyewe. Barza za watu wa mbali zinadumu kwa madini ya aina hii hii tunayoyaona yakipita barabarani kila siku, na zetu zinaoza.

Basi tuanze na mti. Mulombwa, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mninga, ni mti wa kwetu wa miombo. Moyo wake hautanuki wala kusinyaa sana kwa mvua au kiangazi, na mchwa hawaupendi. Lakini ule ubao mweupe wa pembeni, karibu na ganda, ni chakula cha wadudu. Utoeni, hata mteja akilalamika kwamba mnapoteza mbao. Mti mwingine, mukula, sitausifu hapa. Mmeona malori yalivyoumaliza msituni, na tangu 2019 biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Akija mtu na mukula wa bei rahisi, mwulizeni karatasi.

Mkinunua mbao za paini au mkaratusi zilizotiwa dawa ya shaba, kumbukeni mambo mawili. Misumari ya kawaida huliwa na dawa hizo, kwa hiyo tumieni ya chuma kisichoshika kutu au iliyochovywa vizuri kwenye zinki. Na vipande vinavyobaki visiende jikoni. Najua makaa ni ghali na mama atafurahi kuona kuni za bure, ila moshi na majivu ya mbao zenye aseniki ni sumu. Vifukieni mbali na kisima.

Ugonjwa wa barza huanzia mahali msipopaangalia. Ubao hunywa maji zaidi kwenye ncha zake zilizokatwa kuliko usoni, kwa hiyo kila mkipitisha msumeno, pakeni dawa au mafuta pale pale kabla hamjaupigilia. Acheni nafasi ya unene wa msumari kati ya ubao na ubao, maji yapite na vumbi lidondoke. Nguzo isiguse udongo. Ikae juu ya chuma au zege, na chini pabaki wazi kiasi cha mtu kuinama na tochi. Mchwa wetu hawa, wanaojenga vichuguu virefu kupita nyumba, hupanda hata juu ya zege kwa kujijengea njia ya udongo. Njia hiyo mkiiona mapema, mmeokoa barza.

Verni nene inayong'aa ni ya kabati la sebuleni. Nje, jua huipasua, maji huingia chini yake, na ubao huoza huku juu ukionekana mzima. Oili chafu ya magari nayo acheni: inachafua miguu ya watoto na udongo wa bustani. Pakeni mafuta ya kitani yaliyotayarishwa kukauka, au mafuta ya mbao za nje yenye rangi kidogo ya kuzuia jua. Osheni vumbi jekundu kwanza, ngojeni ubao ukauke kabisa, pakeni, na baada ya robo saa futeni kilichobaki juu, la sivyo kitanata na kukusanya vumbi la malori yote ya mjini. Vitambaa vya kufutia msivirundike kwenye kona ya karakana. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe usiku. Vitandazeni nje au vitumbukizeni kwenye ndoo ya maji.

Mwisho, bei. Msiuze barza peke yake. Uzeni pamoja na kurudi kila mwaka, na muandike hivyo kwenye mkataba. Kila mkirudi, mwagieni ubao matone ya maji: yakisimama juu, ngojeni; yakizama, ni wakati wa mafuta.

Sasa ni kiangazi, mbao zimekauka, na mvua zitaanza baada ya miezi michache. Wiki ijayo pigeni hodi kwa kila mwenye barza ya kijivu mjini hapa, mkiwa na brashi mkononi na bei yenu kwenye karatasi.