Zabibu za Nyanda za Juu na Embe Letu la Ngowe
Hotuba ya kilimo kwa wakulima na wafanyabiashara wa matunda, Langoni



Siku hizi swali moja linarudi kila tunapokutana na wakulima: je, mzabibu utaota Lamu? Wapo waliosikia habari za Naivasha na Dodoma, na wapo wanaotaka kununua miche. Kabla hela haijatoka mfukoni, ni haki yenu kupata jibu lililo wazi.

Najua tuko Langoni, jirani na Msikiti wa Riyadha. Sikuja kuzungumzia kinywaji. Nimekuja kuzungumzia ardhi, na namna wenzetu walivyoifanya ardhi yao iwape jina.

Tuanze na Naivasha. Ziwa lile liko takribani mita 1,900 juu ya bahari, ndani ya Bonde la Ufa, na limezungukwa na volkano: Longonot, Olkaria na Eburru. Milima hiyo ilitapika majivu na mawe mepesi kwa maelfu ya miaka, na majivu hayo ndiyo udongo wa leo. Mizabibu ya mvinyo imekuwa ikijaribiwa huko tangu miaka ya 1980, na leo yako mashamba yanayouza mvinyo kwa jina la leleshwa, kichaka kinachoota porini katika bonde hilo. Angalieni hapo: hata jina la bidhaa limechumwa kwenye ardhi yao.

Kwa nini huko na si hapa? Sababu ya kwanza ni mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takribani nyuzi 6. Mchana jua ni kali, usiku ni baridi. Zabibu huiva polepole, hupata sukari mchana, na baridi ya usiku huulinda uchachu wake. Ladha nzuri hutokana na sukari na uchachu kukaa kwa mizani.

Sababu ya pili ni udongo. Majivu ya volkano yana matundu mengi. Mvua kubwa ikinyesha maji hupita, mizizi isioze. Kiangazi kikija, matundu yale huwa yamebakiza unyevu kidogo chini. Mzizi huteremka kuufuata.

Sababu ya tatu ni hewa kavu. Ukungu ni adui mkubwa wa mzabibu, na ukungu hupenda joto lenye unyevunyevu. Joto la namna hiyo ndilo letu sisi watu wa pwani.

Dodoma hakuna majivu ya volkano kama ya Naivasha, lakini kuna mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 na kiangazi kirefu. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mmea, mkulima huulaza mwenyewe kwa kuupogoa, na huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Wana kituo cha utafiti Makutupora kilichowasaidia kuchagua mbegu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mzabibu mmoja uani, wa kivuli na matunda ya watoto, panda bila wasiwasi. Lakini usiuze ng'ombe wala usikate minazi ili upande ekari za mizabibu Lamu. Udongo wetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, na hewa yetu ina chumvi na unyevu. Ukilazimisha, utanunua dawa ya ukungu msimu hadi msimu, na faida itaishia kwa muuza dawa.

Basi tumekuja kujifunza nini? Tazameni Sicily, Italia, kwenye mlima Etna ambao bado unawaka. Wakulima hulima zabibu kwenye mteremko wake, mashamba mengine yakifika karibu mita 1,000. Tangu mwaka 1968 jina la Etna linalindwa na sheria: mvinyo usiotoka pale, kwa kanuni za pale, hauwezi kuitwa hivyo. Nenda Lanzarote, kisiwa cha Uhispania. Volkano ililipuka kuanzia 1730 hadi 1736 ikafunika mashamba. Watu walichimba mashimo ndani ya majivu, wakapanda mzabibu mmoja mmoja kila shimo, na kujenga ukuta mdogo wa mawe kuukinga na upepo. Hawakuomba udongo wa wengine. Waliuliza udongo wao unaweza nini, kisha wakaulinda kwa jina.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tuna nini chenye jina? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu mmoja ni embe la ngowe.

Vitabu vya kilimo vinaeleza kuwa miche ya embe hili ilitoka Zanzibar ikapandwa karibu na Lamu mwaka 1906 na Sheikh Ngowe. Jina la embe ni jina lake. Kila mmoja wenu analijua: refu, lenye ncha iliyopinda, nyama ya manjano iliyokolea, na halina nyuzi za kukwama menoni. Leo linalimwa sehemu nyingi za pwani. Likifika sokoni mjini, mnunuzi huliita ngowe, lakini ni wangapi wanaojua kuwa historia yake inapita Lamu? Linauzwa kama embe lolote, kwa bei ya embe lolote.

Naivasha wamepewa volkano. Sisi tumepewa zaidi ya miaka 100 ya mti mmoja. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo nawaomba mambo manne.

La kwanza, ilindeni miti mizee. Mwembe uliozaa vizuri miaka 50 ndio mama wa miche. Ukikatwa kwa mkaa au mbao kabla ya kuchukuliwa vikonyo, damu yake imepotea. Kokwa peke yake haitoshi, kwani mche wa kokwa huweza kubadilika. Bebesheni kikonyo cha mti mama juu ya mche mchanga.

La pili, pambaneni na nzi wa matunda. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi huyu, na mauzo yakarudi mwaka 2021. Okoteni matunda yaliyoanguka kila siku, myafunge ndani ya mifuko mizito juani au myazike kina kirefu, na mtege mitego. Shamba moja chafu huharibu mtaa mzima.

La tatu, chagueni kabla ya kuuza. Embe lililochumwa bichi mno, lililobanduka au kuchomwa na utomvu lisiwekwe kapu moja na zuri. Jina hujengwa na tunda baya lililobaki nyumbani.

La nne, undeni kikundi. Sheria ya alama za biashara nchini inaruhusu wazalishaji kusajili alama ya pamoja kwa Taasisi ya Haki Miliki za Viwanda. Akina mama wa Taita wamefanya hivyo kwa vikapu vyao. Alama hudumu miaka 10, kisha huhuishwa. Lakini kabla ya kusajili, lazima nyinyi wenyewe mkubaliane: ngowe lenu ni lipi, limetoka mashamba yapi, lichumwe likiwa na hali gani, na atakayechanganya afanywe nini. Hayo hayaandikwi na ofisi. Huandikwa na wenye miembe.

Kabla hatujaondoka hapa, kila mwenye mwembe wa ngowe anaoujua umri wake aandikishe kijiji na idadi ya miti kwa afisa wa kilimo wa wadi yake. Tukijua miti iko wapi, tutajua vikonyo tuchukue wapi mvua zijazo.

Maswali sasa, tuanze na akina mama.