Kufunguliwa Macho: Tiba ya Kuona kwa Watoto wa Ngara na Biharamulo

Hotuba kwa waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu

 

Leo tunakumbuka siku hekalu letu lilipowekwa wakfu. Huenda majirani hawafahamu kwamba katika ibada hiyo sanamu takatifu hufunguliwa macho. Tangu hapo muumini haji kumtazama Mungu tu, bali huja pia kutazamwa naye. Huko ndiko tunakokuita darshana. Tunawaomba basi tuwakumbuke akina mama ambao bado wanangoja kutazamwa na watoto wao.

Katika vijiji vya Ngara, mpakani mwa Rwanda na Burundi, na vya jirani yake Biharamulo, wamo watoto waliochelewa kulia walipozaliwa, au waliopata manjano makali, homa ya uti wa mgongo, ama malaria iliyopanda kichwani. Mtoto huyo huchelewa kukaa, kushika na kusema, na uso wa mama yake hautazami. Watu husema ni mzito, wengine husema amerogwa, naye mama hujilaumu. Mara nyingi hakuna aliyeuliza: je, mtoto huyu anaona?

Jicho hupokea nuru, lakini ubongo ndio unaotambua kinachoonekana. Jicho laweza kuwa zima, ilhali sehemu ya ubongo inayohusika na kuona imeumia. Ubongo wa mtoto mdogo ungali unajifunza. Ndiyo maana msaada wa mapema una faida.

Hatua ya kwanza ni uchunguzi. Mboni nyeupe yaweza kuwa mtoto wa jicho, au hata saratani. Asicheleweshwe hata siku moja. Mwenye makengeza huenda akahitaji miwani, au kuzibwa jicho lenye nguvu kwa saa chache ili lile dhaifu lifanye kazi. Tiba hiyo hufaa zaidi kabla ya miaka 7. Hospitali ya rufaa ya Bugando iko Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limetuondolea kungoja kivuko, lakini nauli bado ni mzigo.

Baada ya uchunguzi, mazoezi hufanyika nyumbani. Mkalisheni mtoto akiwa ameegemezwa kichwa na mgongo. Zimeni redio. Mwonesheni kitu kimoja tu, chekundu au cha manjano, mbele ya kitambaa cheusi kisicho na maua. Kanga zetu ni nzuri, lakini kikombe kikiwekwa juu yake hupotea machoni pa mtoto huyu. Kisogezeni polepole, kisha ngojeni kimya, kwa kuwa huhitaji muda mrefu kuliko wenzake. Dakika chache zatosha, mara kadhaa kwa siku, wakati wa kumlisha na kumwogesha.

Hatusemi kwamba mazoezi haya huponya mtindio wa ubongo. Wala mazoezi ya macho hayamwondolei mtoto ugumu wa kujifunza kusoma. Mwenye kuahidi hayo kwa fedha, mwepukeni. Faida yake ni ya kawaida, nayo ni kubwa: mtoto anayeona kijiko kikija hufungua kinywa kwa wakati, na anayeona kikombe hunyosha mkono.

Ombi letu ni dogo. Wenye maduka ya vitambaa, tuwekeeni mabaki meusi. Mwenye uwezo, amlipie mama mmoja nauli ya kwenda na kurudi. Nanyi majirani, mkimwona mtoto wa miezi 3 asiyefuata uso wa mama yake, msinong'one. Msindikizeni mama zahanati.

Siku mtoto huyo atakapoinua macho na kumtazama mama yake, nyumba hiyo nayo itakuwa imepata darshana.