Hofu ya Mtihani wa Leseni ya Uuguzi: Kwa Nini Mpango wa Kufeli Uandaliwe Kabla ya Mtihani

Mada hii inahusu wasiwasi unaomkumba mhitimu wa uuguzi na ukunga kabla na baada ya mtihani wa usajili na leseni unaoandaliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Hoja ninayoitetea ni moja. Sehemu kubwa ya wasiwasi huo haitokani na ugumu wa maswali. Inatokana na kutojua maisha yatakuwaje iwapo matokeo yatakuwa mabaya. Kwa hiyo mhitimu anayetaka kuingia chumba cha mtihani akiwa na akili iliyotulia inambidi, pamoja na kusoma, aandae mapema mpango wa nini atafanya akifeli. Najua hoja hii inawakera wengi, hasa wazazi na baadhi ya walimu wa vyuo, na nitajitahidi kuwajibu kwa haki.

Tuanze na uzito wa mtihani wenyewe. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi ya uuguzi Tanzania Bara bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza. Mhitimu wa stashahada anafika hapo akiwa amesoma miaka 3 na kupita mitihani ya chuo na ya wizara. Wa shahada amesoma miaka 4 na kuongeza mwaka 1 wa utarajali wodini. Mahafali yamekwishafanyika, picha za joho zimetumwa kijijini, na mtaani anaitwa nesi; jirani akiwa na mtoto mwenye homa usiku anamgongea mlango yeye kwanza. Lakini bila leseni hawezi kuomba nafasi ya ajira serikalini, wala hospitali binafsi zilizojipanga kando ya Barabara ya Bagamoyo, jijini Dar es Salaam, kuanzia Mbezi Beach hadi Tegeta, haziwezi kumwajiri kihalali. Mtihani wa chuoni ukimwangusha mwanafunzi, anarudia somo huku bado ana jina la mwanafunzi. Huu ukimwangusha, hana jina lolote: si mwanafunzi tena, na muuguzi hajawa. Kumwambia mtu aliye katika hali hiyo “usiogope, Mungu yupo, utafaulu” ni maneno ya upendo, lakini hayagusi kile anachokiogopa.

Utafiti kuhusu hofu ya mitihani unatusaidia kuona kwa nini. Mwaka 1967 wanasaikolojia wa Marekani, Liebert na Morris, walitenganisha hofu hiyo katika sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mwili: moyo kwenda mbio, viganja kutoa jasho, tumbo kukoroga. Ya pili ni ya mawazo: “nikifeli itakuwaje, nitamwambia nini baba.” Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba sehemu ya mawazo ndiyo inayoharibu zaidi ufaulu. Sababu yake inaeleweka kirahisi. Nafasi ya akili ya kushika mambo kwa wakati mmoja ni finyu. Ikishajaa mawazo ya nyumbani, inabaki kidogo ya kukokotoa kasi ya dripu au kupima ni mgonjwa yupi kati ya wanne anayepaswa kuhudumiwa kwanza. Moyo unaodunda peke yake haumfelishi mtu. Mwaka 2011 Masicampo na Baumeister walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba jambo lisilokamilika huendelea kuivamia akili ya mtu wakati anafanya kazi nyingine, ila mtu akiliwekea mpango mahususi, uvamizi huo hupungua sana hata kabla jambo lenyewe halijatekelezwa. Hapo ndipo ninapoisimika hoja yangu: swali la “nikifeli itakuwaje” litaendelea kugonga kichwani hadi lipewe jibu lenye maelezo kamili.

Hii haina maana kwamba maandalizi ya kimasomo ni jambo la pembeni. Mpango wa kufeli bila kusoma ni uvivu ulioandikwa vizuri. Lakini jinsi tunavyosoma nayo inaongeza hofu. Wahitimu wengi hupitia madesa yaleyale mara tano na sita, wakipaka wino wa rangi, hadi kila ukurasa unaonekana kama rafiki wa zamani; kisha swali la kwanza lenye mgonjwa wa kufikirika linawashtua, kwa sababu kuutambua ukurasa si sawa na kulitoa jibu kichwani. Roediger na Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006. Wanafunzi waliosoma habari kisha wakairudia kusoma walikumbuka wastani wa asilimia 42 baada ya wiki 1. Waliosoma mara moja kisha wakajipima bila kuangalia walikumbuka asilimia 56. La kuvutia ni kwamba dakika 5 baada ya kusoma, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Njia inayompa mtu ujasiri wa haraka ndiyo inayomwacha mikono mitupu siku ya mtihani, na hofu hujenga kambi katika nafasi hiyo.

Kwetu kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya ughaibuni havilitaji. Muuguzi wa Dar es Salaam humhoji mgonjwa kwa Kiswahili, hukabidhi zamu kwa Kiswahili kilichochanganyika na istilahi, humtuliza mama mwenye uchungu kwa Kiswahili, halafu mtihani anaufanya kwa Kiingereza. Mtu anaweza kujua vizuri la kufanya mgonjwa akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na bado akakwama kwenye swali lililoandikwa kwa sentensi ndefu yenye kukanusha mara mbili. Dawa yake si kukesha. Ni diskashen ambapo kila hoja huelezwa kwanza kwa Kiswahili hadi ieleweke, kisha swali linasomwa kwa Kiingereza, linajibiwa, na saa inahesabiwa. Hiyo saa ni muhimu. Atakayekutana nayo kwa mara ya kwanza siku yenyewe atakuwa amejitafutia hofu bure. Vilevile foleni ya jiji hili inajulikana: mwenye kulala Goba au Temeke na kituo chake kiko upande wa pili wa mji afanye hesabu ya safari mapema. Na niseme bila kuzunguka kuhusu vidonge. Sisi ni watu tunaokaa karibu na dawa, na kishawishi cha kumeza diazepamu ili kupata usingizi usiku wa mwisho kipo. Dawa hiyo hudhoofisha kumbukumbu. Anayehisi kuhitaji dawa amwone daktari.

Kuna njia fupi zinazosifiwa sana ambazo lazima tuziangalie kwa macho makavu. Mwaka 2011 Ramirez na Beilock walitangaza kwamba mwanafunzi akiandika hofu zake kwa dakika 10 kabla ya mtihani hufanya vizuri zaidi. Habari hiyo ilienea kote, lakini kundi la watafiti waliorudia majaribio kadhaa mashuhuri na kuchapisha matokeo mwaka 2018 halikuiona faida hiyo. Simkatazi mtu kuandika, wala simkatazi mtu kusali. Sala huwapa wengi wetu utulivu wa kweli na ujirani wa watu wanaowaombea. Ninachosema ni kwamba tusimwahidi mhitimu kuwa dakika 10 zitafanya kazi ya miezi.

Sasa, mpango wa kufeli una nini ndani yake? Una majibu yaliyoandikwa kwa mambo yanayomkosesha mtu usingizi: mtihani mwingine utafanyika lini na ada yake ni kiasi gani, kwa kuuliza Baraza lenyewe na si kundi la WhatsApp, fedha hiyo itatoka wapi, kodi ya chumba italipwaje katika miezi hiyo, ni kazi ipi halali itakayofanyika wakati wa kusubiri, ni nani atakayesoma naye. Na una jambo gumu kuliko yote hayo, yaani mazungumzo na nyumbani kabla ya mtihani. Mzazi aambiwe wazi kwamba huu ni mtihani ambao watu wazuri hufeli na kurudia, na kwamba mtoto wake akifeli, yeye atapigiwa simu siku ileile. Mzazi akijibu “sawa, tutajipanga”, sentensi hiyo moja huondoa kichwani mzigo ambao hakuna desa linaloweza kuuondoa.

Pingamizi la kwanza ni kwamba huku ni kujichulia: anayetaja kufeli amekwishajiitia kufeli. Nawaomba wenye pingamizi hili watazame chumba chochote cha kujifungulia. Mkunga huandaa mfuko wa kumpulizia mtoto hewa kabla mama hajasukuma, na hakuna anayesema anamtakia mtoto mabaya. Tanzania ilipofundisha wahudumu kumsaidia mtoto mchanga kupumua ndani ya dakika ya kwanza, matokeo kutoka hospitali 8 yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vikipungua kwa asilimia 47. Waliookoa watoto hao walikuwa wamejiandaa kwa lile wasilolitaka. Taaluma yetu inalijua jambo hili vizuri. Hatujalitumia tu kwa wahitimu wetu. Pingamizi la pili ni kwamba mpango huu utawalegeza, kwa kuwa mwenye pa kuangukia hapandi kwa nguvu. Lingekuwa na uzito kama kufeli kungekuwa na raha. Lakini ada, miezi ya kusubiri na aibu bado vipo palepale. Mpango hauviondoi, unavipa ukubwa wake halisi. La tatu nalipa heshima zaidi: muuguzi atakutana na presha maisha yake yote, basi azoee sasa. Ni kweli. Ila muuguzi wa dharura hazoei presha kwa kuachwa nayo. Hufundishwa hatua za kufuata, huzirudia, na hufanya kazi akiwa na wenzake.

Baada ya mtihani huja kipindi ambacho semina zetu hukipita haraka mno. Kate Sweeny na wenzake waliwafuatilia wahitimu wa sheria huko California waliosubiri matokeo ya mtihani wao wa uwakili kwa miezi 4, na wakachapisha mwaka 2016. Waligundua kwamba mbinu nyingi ambazo watu hao walitumia kujipunguzia wasiwasi hazikufanya kazi. Na tena, waliosubiri kwa tabu waliyapokea matokeo, mabaya na mazuri, vizuri zaidi kuliko waliojituliza mno. Kwangu hii ni habari njema kwa mhitimu anayedhani ameharibika kwa sababu hawezi kutulia. Kusubiri kunauma, basi. Linalowezekana ni kutoongeza maumivu: kuacha kulinganisha majibu kwenye makundi usiku kucha, na kushika shughuli inayochukua akili yote. Hapa kuna hatari yetu ya nyumbani. Mhitimu aliyechoka kukaa huitwa “kushika zahanati” usiku, bila leseni, kwa malipo kidogo. Likitokea jambo kwa mgonjwa atakuwa peke yake mbele ya sheria, na mgonjwa atakuwa ameumia. Kujitolea chini ya usimamizi wa muuguzi mwenye leseni, kwa utaratibu unaokubalika, ni jambo tofauti kabisa.

Wasiwasi ukizidi wiki mbili baada ya matokeo, mtu halali, hali, hataki kuonana na watu au anataja kufa, hapo hatuzungumzii mtihani tena. Apelekwe hospitali, huduma za afya ya akili zipo Mwananyamala, Temeke na Muhimbili, na muuguzi mwenzake ndiye anayefaa kumsindikiza. Kwa vyuo, pendekezo langu ni dogo na halina gharama: kila darasa linalohitimu lipangiwe mwalimu mmoja atakayekuwa na orodha ya wahitimu wake hadi matokeo yatoke, na katika wiki ile awapigie simu kwanza wale ambao majina yao hayamo kwenye orodha ya waliofaulu.